Leso Katika Kiondo cha Mlangoni

Kila mwaka unapokaribia kwisha, mzazi mmoja hunifuata nyuma ya kanisa baada ya ibada, amemshika mtoto mkono, na kabla hatujamaliza kusalimiana huniuliza, "Mwalimu, huyu amefika?" Nilistaafu, lakini swali hilo halikustaafu. Watu huniuliza vile mtu anavyouliza kama parachichi limekomaa. Mimi humtazama mtoto, mtoto naye hunitazama, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuficha uso ndani ya sketi ya mama yake.

Nawaandikia ninyi walimu wachanga wa chekechea, na ninyi wazazi mnaolea mtoto wa kwanza. Katika miaka yangu yote ya kazi nilikuwa na jibu la swali hilo. Siku lilipoulizwa nyumbani kwangu, jibu sikuliona. Hata hivyo namshukuru Mungu, kwa maana amenipa umri wa kutosha kujifunza kazi yangu upya.

Nilipoanza kazi hapa Kanyakine, darasa letu lilikuwa veranda ya kanisa na kipimo chetu kilikuwa sikio. Mtoto akipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa na vidole vikashika sikio la kushoto, amefika. Visiposhika, arudi nyumbani akanywe uji mwaka mwingine. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo tuliliamini sikio. Baba mmoja, mkulima wa kahawa, alimleta mwanawe akamwinamisha shingo mpaka sikio likawa karibu kugusa bega.

"Si ameshika, Mwalimu?"

"Ameshika, baba, lakini wewe umemshika kichwa."

"Basi mpime tena mchana. Asubuhi hii kuna baridi, mtoto amejikunja."

Nilimpima mchana, jua likiwa kali kabisa. Mkono ulikuwa mfupi vilevile. Baba yule aliondoka akisema kwamba shida ni masikio, watu wa kwa mama yake wana masikio madogo.

Baadaye nilifundisha miaka michache Kangeta, kwenye miraa. Huko mambo yalikuwa kinyume. Hakuna aliyetaka kusubiri sikio. Mama aliamka gizani kwenda kufunga vibunda vya miraa kabla gari la sokoni halijaondoka, na mtoto alihitaji mahali pa kukaa. Mmoja aliniletea mtoto ambaye bado alikuwa na maziwa kidevuni.

"Ana umri gani huyu?" nikamuuliza.

"Ni mkubwa, Mwalimu. Ana meno."

Nilicheka, lakini nilimpokea, akalala juu ya gunia nyuma ya darasa mpaka saa sita. Msimcheke mama wa namna hiyo. Alichokuwa akiniuliza si kama akili ya mtoto imekomaa. Alikuwa akiuliza ni nani atamshika mtoto wake wakati mikono yake iko kazini. Ukimjibu kwa kumweleza habari za kalamu na karatasi, hujamsikia.

Aliyenifundisha kusikia ni Mwalimu Esteri. Yeye ndiye aliyelianzisha darasa lile la veranda, naye sasa amepumzika kwa Bwana. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na watoto walinyamaza ili wamsikie. Aliniambia niliache sikio, nitazame mambo mengine. Je, mtoto anaweza kumwambia mtu asiyemjua kwamba anataka kwenda chooni? Akianguka, anamtafuta mtu au anamtafuta mama tu? Akinyang'anywa kizibo cha soda anachohesabia, analia, anapiga, au anatafuta kingine? Na juu ya yote alinikataza kumruhusu mama atoroke.

"Mtoto aliyetorokwa," alikuwa akisema, "atakaa darasani akiulinda mlango mwaka mzima. Hutamfundisha kitu."

Kwa sababu hiyo alikuwa na kiondo. Kilining'inia kwenye msumari kando ya mlango, kiondo cha kawaida cha katani, chenye mistari myekundu. Siku ya kwanza ya shule, mama hufungua leso yake mabegani mbele ya macho ya mtoto, huikunja na kuitia humo, kisha husema, "Naacha leso yangu hapa. Siwezi kukaa bila leso. Nitaijia." Mtoto akizidiwa na kilio, Mwalimu Esteri humpa ile leso aikumbatie na kuinusa, kisha huirudisha. Saa sita mama anakuja, anaichukua leso na mtoto pamoja. Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza kiondo kiko kitupu, na watoto wanawaaga mama zao bila hata kugeuka.

Nilikirithi kiondo kile pamoja na darasa. Kilifanya kazi miaka yote. Akina baba wasio na leso waliacha kofia. Kijana mmoja wa boda boda aliacha helmeti, akasimamishwa na polisi kabla hajafika barabara ya lami, akarudi mbio akisema heri mtoto alie kuliko yeye alale seli. Tukampa helmeti yake, mtoto akabaki na soksi moja ya baba. Ilitosha.

Nawasimulia haya ili mjue kwamba nilikiamini kiondo kile.

Binti yangu Kawira aliuza nguo Meru mjini. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, aliyemlea peke yake, na kama desturi yetu ilivyo, akampa jina la mama yake, ndiyo kusema jina langu, Nkirote. Kwa kuwa mtoto alibeba jina langu, Kawira hakumwita kwa jina. Alimwita "mama". Ungemsikia akimwambia mtoto wa miaka miwili, "Mama, kula viazi," "Mama, usichezee maji," nami niko pale pale, sijui nigeuke au nisigeuke. Tulicheka sana kwa ajili hiyo.

Mwaka juzi, wakati wa mvua ndefu, Kawira aliugua akalazwa. Mtoto akaja kwangu. Nilimpeleka kumwona mama yake mara moja tu. Kawira alikuwa amejifunika leso yake ya kijani yenye ukingo wa njano juu ya blanketi la hospitali, kwa sababu alisema blanketi lile halina joto la nyumbani. Alimshika mtoto mkono akamwambia, "Mama, ningoje kwa juju. Nitakuja." Juju ndilo jina ambalo watoto wa huku huwaita bibi zao.

Hakuja. Aliyekuja ni mwanangu Mutwiri, ambaye anafanya kazi ya ofisi huko mjini. Alifika mchana, kumenyesha, ameshika mfuko wa plastiki. Kabla hajasema neno nilijua. Nilikaa chini pale jikoni. Lakini mtoto aliukimbilia mfuko. Alitoa malapa, akatoa kikombe, kisha akatoa leso ya kijani iliyokunjwa vizuri na mtu asiyemjua mwenye leso. Aliishika kifuani, akapita kando ya mjomba wake, akasimama mlangoni akitazama njia.

"Mama ako wapi?" akauliza.

Mimi nikasema, "Mama ameenda kwa Mungu."

Akatazama njia, akaitazama leso. "Na mbona leso imekuja?"

Nimeyajibu maswali ya watoto tangu nikiwa msichana. Lile sikulijibu. Nilimvuta karibu nikalia, naye hakulia.

Tulimzika Kawira chini ya shamba, upande wa miti ya makadamia. Watu walisema ni heri mtoto bado ni mdogo, hajui. Walisema kwa nia njema, nami nawashukuru kwa kuja na kwa chai waliyopika. Lakini mtoto huyo alikoma kuniachilia. Nikienda chooni, amesimama nje ameshika mlango. Nikikama ng'ombe, ameshika gauni. Siku ya kliniki yangu ya presha nilimwacha kwa jirani, na niliporudi nilimkuta amelia mpaka ametapika, sauti imekwisha kabisa. Alizungumza maneno machache, na mengi yalikuwa ya kunihesabu: "Juju, uko?" "Niko." Baada ya kitambo kidogo, "Juju, uko?"

Mwaka wa shule ulipokaribia, Mutwiri alikuja Jumapili moja, akala, akanywa chai, kisha akaweka kikombe chini.

"Mum, huyu mtoto tumpeleke akademi mjini. Atakaa kwetu. Kuna basi linakuja mpaka langoni."

"Bado ni mdogo."

"Wenzake wanaimba herufi zote, mum. Wewe ndiye ulikuwa unawaambia watu wasichelewe kuwaleta."

"Nilikuwa nikiwaambia watu ambao watoto wao hawakufiwa."

Ni kijana mzuri, hapendi kunibishia. Alimtazama mtoto aliyelala kifudifudi kwenye miguu yangu, ngumi moja imeshika upindo wa sketi, akasema polepole, "Na presha ikikushika, mum? Siku hiyo atashikwa na nani?"

Hapo ndipo kisu kilipokuwa. Nikimpeleka shuleni, namfanyia tena jambo lile lile lililomvunja: mtu wake anageuka, anaondoka njiani, naye anabaki na watu wengine. Nisipompeleka, ninamfanya asiwe na mtu mwingine duniani isipokuwa mwanamke mzee anayemeza dawa asubuhi na jioni. Na mimi sitaishi milele. Nilipiga magoti usiku baada ya usiku. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia isiyo na machozi, naye, kwa hekima yake, hakunionyesha njia ya namna hiyo. Nilichopata ni subira kidogo, na asubuhi moja nikajikuta nimekata shauri: si akademi wala basi. Nitampeleka kwenye shule yetu wenyewe, pale nilipofundisha, anapoweza kuliona paa la nyumba yetu akiwa uwanjani.

Siku hizi darasa letu si veranda tena. Ni chumba cha mawe chenye madirisha. Anayelifundisha ni Mwalimu Kanana, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda. Alitupokea mlangoni.

"Karibu, Mwalimu," akasema akicheka. "Leo uko upande ule mwingine."

"Nipokee kama mzazi yeyote," nikamwambia.

Kiondo kilikuwa pale pale kwenye msumari, kimefifia, kimejaa leso za rangi zote kwa kuwa ilikuwa siku ya kwanza. Ndani watoto walikuwa wakilia kwa sauti ya kawaida ya Januari, sauti ambayo kwangu ni kama mvua juu ya mabati. Nikafanya nilivyofundishwa. Nilichuchumaa, nikafungua leso yangu mabegani mbele ya macho yake, nikaikunja, nikaitia ndani ya kiondo, nikasema, "Nkirote, naacha leso yangu hapa. Nitaijia."

Hakupiga kelele kama wengine. Alikuwa mweupe midomoni. Aliinuka kwa vidole vya miguu, akaivuta leso kutoka kwenye kiondo, akaanza kunizungushia magotini, huku akirudia, "Usiache, juju. Usiache. Usiache."

Kanana hakuwa akijua habari za ule mfuko. Alitaka kutusaidia, akachuchumaa pia, akasema kwa furaha, "Nkirote, angalia! Wenzako wote leso za mama zao ziko hapa. Umeziona?"

Mtoto akachungulia ndani ya kiondo. Aliangalia leso nyekundu, ya bluu, ya maua. Kisha akamtazama Kanana, akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anawahurumia waliokuwa ndani, "Mama zao wote wameenda kwa Mungu?"

Nilikuwa nimeipenda kazi yangu maisha yangu yote, na katika dakika ile nilisimama kando ya kiondo changu mwenyewe nikakiona kwa macho ya mtoto: kiondo cha waliokufa. Kwa wengine wote leso iliyoachwa ni ahadi. Kwa huyu mmoja, leso isiyo na mwenyewe ilikuwa habari kwamba mwenyewe haji tena. Alikuwa amejifunza hivyo mlangoni pangu, na hakukosea. Kanana alijifuta macho kwa kiganja chenye chaki, akabaki na alama nyeupe shavuni. Nilimbeba mjukuu wangu, leso ikiwa bado imenizunguka magoti kiasi kwamba nilitembea kama kuku aliyefungwa, tukarudi nyumbani.

Baadhi ya watu walisema namdekeza. Labda. Kesho yake tulirudi, na nilipewa kiti kidogo nyuma ya darasa. Ndivyo nilivyoingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, uzeeni. Magoti yangu yalifika kidevuni. Niliimba, nilifinyanga ng'ombe wa udongo, na saa nne nilipanga foleni ya uji. Mvulana mmoja mwenye makamasi alinichunguza siku nyingi, kisha akaniuliza, "Wewe ulianguka mtihani?"

"Nilianguka," nikamwambia. "Nimerudia."

Alinihurumia. Tangu siku hiyo alikuwa akinionyesha jinsi ya kushika kalamu.

Mutwiri alipiga simu. "Mum, ni kweli umejiandikisha chekechea?"

"Ni kweli. Na mwalimu anasema naendelea vizuri."

Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi. Nami nilimshukuru Mungu kwa kicheko hicho kwa kuwa kilikuwa kimetupotea sote wawili.

Polepole mtoto alianza kuniacha kwa mita chache. Alikwenda kwenye sanduku la vizibo, akageuka, "Juju, uko?" "Niko." Alikwenda dirishani. Siku moja alikwenda uwanjani na yule mvulana wa makamasi, akasahau kuniuliza. Nilikaa kwenye kile kiti nikingoja aulize, na alipokosa kuuliza nilifurahi, kisha nikaona nalia, kwa sababu Kawira angepaswa kuwa ndiye anayesahauliwa hivyo.

Halafu ikafika siku ya kliniki. Nilimweleza tangu juzi yake, kwa maana mtoto hatorokwi. Nilimwambia nitakwenda kupimwa, yeye atabaki na Mwalimu Kanana, nami nitarudi saa ya chakula. Asubuhi, tulipofika mlangoni, nilikipita kiondo bila kukitazama. Lakini yeye alinivuta nichuchumae. Alishika ncha mbili za leso yangu kifuani, akafunga fundo, akafunga fundo la pili juu ya lile la kwanza, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Nenda nayo," akasema. "Usivue."

"Hata kwa daktari nisivue?"

"Usivue."

Nikaondoka nikiwa nimeivaa, bila kuacha kitu. Sikusikia kilio nyuma yangu. Nilitamani sana kugeuka, lakini nilijua ananitazama mgongo, anaitazama ile leso ikienda, nami nikanyoosha mgongo ili aione vizuri.

Kwenye kliniki, muuguzi kijana, wa wale wanaowaita bibi wote shosho, aliniambia, "Shosho, toa leso kidogo tupime mkono."

"Nipime hivi hivi, mwanangu. Nimekatazwa kuivua."

"Na nani? Daktari?"

"Na mkubwa wangu."

Akacheka, akakunja mkono wa sweta yangu chini ya leso. Presha ilikuwa juu, akauliza kama nina mawazo. Nikamwambia ninayo, lakini yote nimeyaweka mahali panapofaa.

Nilirudi watoto wakiwa wamekaa kwenye nyasi wakila. Aliniona kabla sijafika langoni. Hakukimbia. Alingoja mpaka nikasimama mbele yake, na macho yake yalikwenda mabegani kwanza, usoni baadaye. Akagusa fundo, la juu na la chini.

"Hukuvua."

"Sikuvua."

Akachukua kijiko chake akaendelea kula.

Kanana bado anakitumia kiondo, na ni sawa, kinawasaidia wengi. Lakini sasa, kabla mama hajafungua leso, humvuta kando na kumuuliza kwa upole, "Kuna mtu aliyemwacha huyu mtoto hivi karibuni? Aliondoka vipi?" Nawasihi nanyi muulize. Na ninyi wazazi mnaonifuata nyuma ya kanisa, msikasirike ninapochelewa kuwajibu. Sitazami mkono wala sikio. Najaribu kujua mtoto wenu anaelewa nini mtu anapogeuka na kuondoka.

Najua siku moja leso yangu pia itarudi ndani ya mfuko, imekunjwa na mtu mwingine. Simwombi Mungu aifute siku hiyo. Namwomba ichelewe, na itakapokuja, Nkirote awe na mikono mingine ya kukimbilia: ya Kanana, ya mjomba wake, hata ya yule mvulana wa makamasi. Kwa ajili ya hilo peke yake nilimpeleka shuleni, na sijutii.

Kila asubuhi bado hunifungia leso mlangoni, fundo juu ya fundo, kisha huingia darasani. Jioni nahangaika kulifungua, kwa sababu vidole vyangu vimekuwa vigumu na yeye huvuta kwa nguvu. Sijamwambia alilegeze.